Kuchagua zana si uvivu: funzo la bunduki ya pini

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mchagua jembe si mkulima. Sisi walimu tumeifundisha miaka nenda miaka rudi, na wanafunzi wameifafanua katika insha zao kwa maana ile ile: kwamba mvivu hutafuta kisingizio katika zana, ilhali mchapa kazi hushika jembe lililo karibu naye akaingia shambani. Sina ugomvi na wahenga. Hata hivyo, naona kwamba methali hii imetufanya tuamini jambo ambalo wao hawakulisema, yaani kwamba kila achaguaye zana ni mvivu, na kwamba zana zote zenye jina moja ni sawa. Mkulima mwenyewe hasemi hivyo. Muulize mkulima yeyote wa Kiambu, atakuonyesha jembe la meno la kuchimbulia viazi na jembe bapa la kupalilia, wala hatalitumia moja mahali pa jingine.

Leo nataka kulionyesha kosa hilo kwa kutumia chombo kidogo ambacho wasomaji wengi wamekiona mikononi mwa mafundi wa makochi. Nazungumzia kile chombo cha chuma chenye mpini wa kubana, kinachotumiwa kupigilia kitambaa kwenye mbao. Ofisini tunayo stepla inayoshikanisha karatasi kwa kuikunja miguu ya pini upande wa chini. Chombo ninachokisema ni ndugu yake, ila pini yake haikunjwi, bali hufyatuliwa ikadidimia katika mbao kama msumari wenye ncha mbili. Mafundi wa kwetu hukiita kwa jina la Kiingereza lililolainishwa na ndimi za mahali. Katika makala haya nitakiita bunduki ya pini, kwa kuwa hufyatua, na kwa kuwa, kama nitakavyoeleza, chahitaji hadhari ambayo mwenye bunduki hupaswa kuwa nayo.

Kisa changu na chombo hiki kilimalizikia Witeithie. Kwa msomaji asiyepajua, Witeithie ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Thika, ukishaipita Juja ukielekea Thika, katika Kaunti ya Kiambu. Mimi ambaye kazi yangu ni isimu siwezi kulipita jina hilo bila kusimama. Ni jina la Kikuyu, na kwa hakika ni sentensi kamili. Limeundwa kwa kitenzi chenye maana ya kusaidia, likatiwa kiambishi kinachomrejelea mtenda mwenyewe, mfano wa ji- yetu ya Kiswahili, kisha likageuzwa kuwa amri. Maana yake ni jisaidie. Msomaji asicheke: nasema jisaidie kwa maana ya kujitegemea, si ile ya msalani. Ni mji ambao kila unapotajwa humwamuru mtu afanye jambo kwa mikono yake.

Nami nilikuwa nimejaribu kuitii amri hiyo. Nyumbani nilikuwa na viti sita vya meza ya chakula. Vitambaa vyake vilikuwa vimechanika na sponji imelala, lakini fremu zake za msaipresi zilikuwa imara kama siku zilipotoka kwa seremala. Nikaona si busara kuvitupa. Mbao si kitu cha kuchezea katika nchi hii. Mwezi wa Februari mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na ingawa Rais William Ruto alitangaza kuiondoa marufuku hiyo mwezi wa Julai mwaka 2023, kila aliyenunua mbao katika kipindi hicho anakumbuka jinsi bei zilivyopanda. Fremu nzuri iliyokwisha kukauka na kukomaa ndani ya nyumba ina thamani kuliko kiti kipya cha chipubodi kinachong'aa dukani na kupukutika baada ya misimu miwili ya mvua.

Basi nikaenda katika duka moja la vifaa vya ujenzi nikaomba bunduki ya pini. Muuzaji akaniwekea mbili juu ya meza, kubwa na ndogo. Nikachagua kubwa, kwa hoja ya kitoto kwamba kubwa ndiyo yenye nguvu. Nilipomwuliza kuhusu pini, akanyoosha mkono kwenye rafu akanipa boksi lililokuwa karibu, nami nikalipokea bila kulisoma. Nilipofika nyumbani, pini ya kwanza iliingia nusu na kubaki imesimama. Ya pili ilipinda. Ya tatu ilikwama mdomoni mwa bunduki, na pale ikakaa. Baada ya saa nzima nilikuwa na kidole kilichovimba na kiti kile kile kilichochanika.

Nikaibeba bunduki na boksi lake hadi kwa fundi mmoja wa makochi pale Witeithie, anayefanya kazi chini ya paa la mabati. Bunduki hata hakuishika kwanza. Alifungua boksi, akatoa kipande cha pini, akakilinganisha na mdomo wa bunduki, kisha akaniambia: "Mwalimu, hizi si pini zake. Wewe umenunua bunduki, halafu ukaitafutia pini. Ungeanza na pini." Nimehudhuria mihadhara mingi katika maisha yangu, na michache iliyonifunza mengi kwa maneno machache kama yale. Yaliyosalia katika makala haya ni ufafanuzi wa kauli ya fundi huyo.

Tuanze na namna chombo kinavyofanya kazi. Ndani ya bunduki ya mkono mna springi nzito na bamba jembamba la chuma. Ubanapo mpini, springi hujikunja na bamba hupanda. Mpini ukifika mwisho, springi huachiliwa ghafla, na bamba hushuka kwa kishindo likaikata pini moja kutoka katika safu na kuisukuma mbaoni. Bamba hilo limechongwa kwa kipimo cha pini ya aina moja. Pini ikiwa nyembamba mno, hulala upande na kupinda; ikiwa pana au nene mno, hukwama. Kwa hiyo boksi la pini si nyongeza ya bunduki, bali ni sehemu yake, kama vile ufunguo ulivyo sehemu ya kufuli.

Pini nayo ina vipimo vitatu ambavyo kila mnunuzi hana budi kuvijua. Navitaja kwa viungo vya mwili, kama lugha yetu inavyofanya inaposema kichwa cha msumari, meno ya msumeno na mkono wa kiti. Kuna upana wa mgongo, yaani ile sehemu inayobaki juu ikikikandamiza kitambaa. Kuna urefu wa miguu, ambayo ndiyo huingia mbaoni. Na kuna unene wa waya wenyewe. Maboksi mengi ya pini za bunduki za mkono huwa na namba za aina. Pini za namba 53 ni za waya mwembamba wa takriban milimita 0.7, na mgongo wake ni milimita 11.4. Pini za namba 140 ni za waya bapa wenye upana wa takriban milimita 1.2, na mgongo wake ni milimita 10.6, hizi aghalabu huandikwa pia T50, jina lililotokana na bunduki ya kampuni ya Arrow ya Marekani. Tazama, msomaji: tofauti ya migongo hiyo miwili haifiki hata milimita moja, nayo ndiyo iliyonivimbisha kidole.

Kati ya hizo mbili, ipi ifaayo? Waya mwembamba hufaa kitambaa, kwa kuwa hauachi jeraha kubwa na hujificha kwenye nyuzi. Waya bapa hufaa vitu vizito zaidi: turubai, wavu wa kuku, plaiwudi nyembamba ya mgongo wa kabati. Kuna bunduki zinazopokea aina zote mbili, na zimeandikwa hivyo ubavuni. Mwenye nia ya kushona viti leo na kutengeneza kabati kesho afadhali aitafute hiyo.

Urefu wa miguu huamuliwa na mambo mawili: tabaka za kitambaa na ugumu wa mbao. Kwa kitambaa chepesi cha pamba juu ya mbao ngumu, milimita 6 au 8 zatosha. Kwa kitambaa cha kochi kilichokunjwa mara mbili juu ya msaipresi, milimita 10 hushika vizuri. Kwa ngozi ya bandia, hasa kwenye pembe ambako mikunjo hurundikana, huenda ukahitaji milimita 12 au 14. Lakini mtu asidhani kwamba pini ndefu ni salama siku zote. Chukua kiti ambacho kikalio chake ni plaiwudi ya milimita 9, na kitambaa kilichokunjwa kina unene wa milimita 2. Ukipigilia pini ya milimita 12, milimita 10 zitaingia katika ubao wa milimita 9. Ile milimita moja iliyobaki itatokea upande wa pili na kumkaribisha mgeni wako kwa namna asiyoitazamia. Hesabu hiyo ni ya darasa la pili, lakini ni nani huipiga akiwa dukani?

Mbao zetu nazo hazilingani. Msaipresi ni laini na hupokea pini bila ubishi. Mgrevilea, ule uliopandwa kwenye mipaka ya mashamba ya kahawa, ni wa wastani. Mkaratusi uliokauka ni mgumu na hupasuka upesi. Bunduki dhaifu ya mkono itaiacha pini imesimama. Chipubodi hukubali pini usoni, lakini ukingoni humeguka. Kwa mbao zozote zile, pini ipigwe kwa mshazari kuhusu nyuzi za mbao, ili miguu yake miwili isiingie katika uzi mmoja na kuupasua. Kabla ya kazi yenyewe, piga pini tatu au nne kwenye kipande cha ubao wa aina ile ile. Ikiwa pini inasimama, ongeza nguvu kwa kukaza skrubu ya kurekebisha, au punguza urefu wa pini. Ikiwa mgongo unakikata kitambaa, punguza nguvu.

Baada ya pini, sasa tuje kwenye bunduki. Ziko za mkono, za umeme, na za upepo zinazotegemea kompresa. Iko pia inayopigwa kama nyundo, ambayo hufaa karatasi za chini ya paa na nyavu, mahali ambapo kasi ina maana kuliko usahihi. Hiyo tusiilete karibu na kiti. Mtu achague kwa kufuata nini? Jibu ni hesabu tena. Kikalio cha kiti changu kina sentimita 45 kila upande, yaani sentimita 180 kuzunguka. Nikipiga pini kila baada ya sentimita 2.5, nahitaji pini 72. Kitambaa chepesi cha kufunika chini ya kikalio hupigiliwa kila baada ya sentimita 5, yaani pini 36. Jumla ni 108 kwa kiti, na 648 kwa viti sita. Boksi moja la pini 1,000 litatosha na kubakiza za makosa. Kubana mpini mara 648 ni kazi inayowezekana kwa Jumamosi mbili. Kwa hiyo, kwa viti vya nyumbani, bunduki ya mkono yatosha kabisa. Lakini seti ya makochi ya sebuleni humeza maelfu ya pini, na yeye afanyaye kazi hiyo kila siku kwa mkono atauharibu mkono wake. Ndiyo maana fundi wa makochi hutumia bunduki ya upepo, nyepesi, yenye mdomo mrefu unaofika pembeni, ikifyatua pini nyembamba za mgongo wa takriban milimita 9 au 13 kulingana na aina yake.

Unapoinunua ya mkono, iombe uibane mwenyewe mara tano mfululizo hapo hapo dukani. Mkono ukianza kutetemeka kwenye mara ya tatu, hiyo si yako, hata ikiwa imepunguzwa bei. Nguvu za mikono hazilingani, na chombo kisichobanika na mama mzee au kijana mwembamba hakiwafai, hata kama jirani yao anakisifu. Tazama pia mpini unabanwa wapi. Katika bunduki nyingi mpini hubanwa kwa nyuma, na hilo huuinua mdomo kutoka kwenye mbao wakati ule ule unaotaka ukae. Katika nyingine mkono hukandamiza upande wa mbele, juu ya mdomo, na nguvu yote hushuka palipo na pini. Angalia kama ina kifungo cha kuufunga mpini, na kama mdomo wake hufunguka kwa urahisi pini ikikwama.

Kuhusu ya umeme, nina onyo moja. Umeme wetu hapa Kenya ni wa volti 240. Umeme wa Marekani ni wa volti 120. Wengi wetu tuna jamaa ng'ambo wanaotuletea vyombo kwa upendo, na mitumba ya vyombo vya umeme nayo imejaa masokoni. Chombo cha volti 120 kikichomekwa moja kwa moja katika ukuta wa nyumba ya Juja au Ruiru kitaungua. Soma bamba lililobandikwa ubavuni mwa chombo kabla hujalipa, wala usimwulize muuzaji tu. Yuko anayejua na yuko anayetaka kuuza.

Sharti niseme pia kazi isiyo ya pini. Vijana wa vyuo waliopanga vyumba huko Juja wamezoea kutengeneza viti na vitanda kutokana na mbao za paleti, na nawapongeza. Lakini pini hushika ngozi ya kiti tu, wala haibebi mifupa yake. Mguu uliolegea, kiungo cha mgongo, mbavu za kitanda, hivyo ni vya gundi, parafujo na kiungo kilichochongwa vema. Pini yaweza kuubana ubao mwembamba wakati gundi inakauka, au kuushika mgongo wa rafu ya vitabu. Anayeunganisha miguu ya kiti kwa pini anamtegea rafiki yake mtego.

Nilisema kwamba chombo hiki chahitaji hadhari. Pini iliyofyatuliwa hewani, au iliyogonga fundo la mbao na kuruka, yaweza kumwondolea mtu jicho. Miwani ya kinga ni rahisi kuliko jicho. Usimwelekezee mtu mdomo wa bunduki hata kwa utani. Usiweke mkono upande wa pili wa ubao. Pini ikikwama, zitoe zote zilizomo kwanza, na ikiwa bunduki ni ya upepo au ya umeme, itenganishe na kompresa au uichomoe ukutani kabla ya kugusa mdomo wake. Ukimaliza, ufunge mpini na uiweke juu, mbali na watoto. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri awape wafanyakazi wake vifaa vya kinga. Lakini hakuna mkaguzi atakayekuja jikoni mwako Jumamosi alasiri. Huko mkaguzi ni wewe.

Huenda sasa mwalimu anajiuliza kwa nini mhadhiri wa isimu anajaza safu hii kwa milimita na springi. Jibu langu ni kwamba nilishindwa dukani kwa kukosa maneno. Sikujua kwamba pini ina mgongo wenye kipimo, kwa hiyo sikuuliza kipimo chake. Sikujua kwamba waya una unene, kwa hiyo sikuona tofauti. Mtu hawezi kuuliza jambo asilolijua kwa jina wala kwa sura, na muuzaji hulijibu swali aliloulizwa. Mnunuzi asiye na msamiati wa zana hununua rangi, ukubwa na bei, basi.

Walimu wa Kiswahili wanazikumbuka orodha za msamiati wa karakana tulizowakaririsha watoto kwa ajili ya mtihani wa darasa la nane, hadi ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023: jiriwa, keekee, tindo, timazi, patasi, parafujo. Mtoto alijua kuandika kwamba keekee hutoboa, lakini hakuwa ameisikia ikilia. Fundi wa Witeithie, kwa upande wake, hutoboa kila siku na hajawahi kuiita keekee. Mmoja tulimpa neno bila kitu. Mwingine ana kitu, na neno lake tunalidharau kwamba si sanifu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulikusudiwa kuliziba pengo hilo kwa masomo ya sanaa, ufundi na sayansi kimu, lakini shule nyingi hazikuwa na karakana, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakapunguzwa. Sasa tuna mtaala wa umilisi, na tangu darasa la saba lilipoingia sekondari msingi mwezi wa Januari mwaka 2023, masomo ya awali ya kiufundi yamo katika ratiba. Ni fursa ya pili. Tukiigeuza kuwa orodha nyingine ya kukariri, tutakuwa tumeipoteza kama tulivyoipoteza ya kwanza.

Pendekezo langu si la gharama kubwa. Shule inunue bunduki moja ya mkono, boksi mbili za pini za aina tofauti na miwani ya kinga, kisha iokote vipande vya mbao kwa seremala wa jirani. Mwalimu wa hesabu awape wanafunzi kazi ya pini ngapi na za urefu gani. Mwalimu wa ufundi awaonyeshe springi na bamba. Mwalimu wa Kiswahili awaombe waandike maelezo ya kumwelekeza mnunuzi, yaliyo wazi kiasi kwamba mtu asiyekiona chombo aweze kuchagua. Na siku moja fundi wa mtaani aalikwe darasani, si kama mtu wa kuhurumiwa, bali kama mtaalamu. Yaandikwe maneno anayoyatumia, yawekwe kando ya yale ya kamusi, na wanafunzi wajadili lipi linabeba maana vizuri zaidi. Hapo ndipo msamiati utakapokuwa na kazi.

Kuna atakayepinga kwamba nawanyang'anya mafundi mkate wao kwa kuwafundisha watu kujishonea viti. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana mkate huo ni mdogo na washindani ni wengi. Lakini nimeona kinyume chake nyumbani kwangu. Kabla ya viti vile sita, nilikuwa nikimwona fundi wa makochi kama mtu anayevuta kitambaa na kupiga kelele na kompresa. Baada ya kuvuta kitambaa mwenyewe, nikianzia katikati ya kila upande, nikielekea pembeni na kuziacha pembe mwisho, na bado kiti cha kwanza kikatoka na mikunjo kama shati lisilopigwa pasi, nilielewa kile ninachokilipia. Makochi ya sebuleni nilimpelekea fundi yule yule, wala sikubishana naye bei kama nilivyokuwa nikibishana zamani. Aliyejaribu kazi huiheshimu kazi, na ndiye pia mteja asiyedanganyika na kazi mbovu. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Viti vyangu sita vimekwisha. Cha kwanza kina mikunjo, nacho ndicho ninachokikalia mimi. Bunduki ile kubwa ninayo bado, na baada ya kupata pini zake haijakwama. Ikiwa wewe nawe una kiti kilichochanika, usianze kwa kwenda dukani. Anza kwa kukigeuza juu chini na kupima ubao kwa rula. Hesabu pini utakazohitaji, andika urefu wake na upana wake kwenye kipande cha karatasi, kisha ndipo uende ukaulize bunduki inayozipokea. Muuzaji atakutazama mara mbili. Mkulima anaweza kuwa hachagui jembe. Lakini hapo kwanza alikwisha kulitazama shamba.